Kobe Aliyekataa Kula: Historia Fupi ya Kobe Wanaohamishwa

Kobe aliletwa Ruharo siku ya Jumamosi, amefungwa ndani ya gunia la mahindi nyuma ya bodaboda. Dereva alisema alimkuta mikononi mwa watoto huko Isingiro, wakimgeuzageuza na kumchokoa kwa vijiti, akawapa pesa ya soda wakamwachia. Mwenye nyumba wetu, ambaye sisi wapangaji wote tunamwita Maama, akamrudishia dereva pesa yake na kuongeza kidogo. Alisema mjukuu wake amepata rafiki. Kobe akawekwa barazani juu ya saruji, akazungukwa na watoto wa nyumba tatu. Mbele yake palikuwa na nyanya, kipande cha mkate, ndizi mbivu na wali wa jana. Hakugusa hata kimoja. Jumapili hakugusa. Siku ya tisa alikuwa bado hajala.

Mimi nasoma Kiswahili na Historia, si udaktari wa mifugo. Ila katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa likizo, kwa hiyo kobe akawa wangu. Na maneno yaliyonifanya niandike insha hii hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwa mzee mmoja anayeshona viatu kando ya njia iendayo kwenye kanisa kuu. Nilipomweleza shida yangu hakuinua hata macho. Alisema, "Kijana wangu, kobe hafi njaa. Anaweza kukaa mwaka bila kula. Mwache."

Mzee alikuwa anasema kweli, au karibu na kweli. Nilipoanza kusoma juu ya kobe niliona kwamba ukweli huohuo umekuwa ukirudiwa na mabaharia, wafanyabiashara na wenye nyumba kwa zaidi ya miaka mia tatu, na kwamba umeua kobe wengi kuliko simba na fisi. Kobe alichukuliwa kuwa mzigo rahisi kwa sababu hafi upesi. Aliyeandika kwamba kobe amefika salama alimaanisha tu kwamba kobe bado anapumua. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ninaomba walimu wetu waniruhusu niende nayo mbali kidogo na Mbarara kabla ya kurudi barazani.

Tuanze na mkimbizi. François Leguat alikuwa Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, na maelfu wakaihama nchi. Leguat alifika Uholanzi, akapanda meli, na mwaka 1691 akashushwa pamoja na wenzake wachache katika kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wakaishi huko hadi 1693. Katika kitabu chake anasimulia kwamba kobe wa kisiwa kile walikaa kwa makundi ya elfu mbili au tatu, na kwamba mtu angeweza kutembea zaidi ya hatua mia juu ya migongo yao bila kukanyaga ardhi. Waliwala. Simlaumu, sisi tuliokulia kambini tunajua mtu aliyeshushwa na lori hachagui. Lakini katika karne iliyofuata meli za Kifaransa zilikuja Rodrigues kwa ajili ya kobe tu, zikawabeba kwa maelfu kwenda Mauritius kuwalisha mabaharia na wagonjwa. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 kobe wa Rodrigues walikuwa karibu kwisha, na leo hakuna hata mmoja duniani.

Upande wa pili wa dunia, katika visiwa vya Galapagos, wavuvi wa nyangumi walifanya vivyo hivyo. Waliwapanga kobe chini ya sitaha, mmoja juu ya mwingine, mara nyingi wakiwa chali ili wasitembee, na kuwakaa nao miezi mingi bila kuwapa jani wala maji. Ilikuwa nyama isiyooza. Katika daftari za meli tunapata idadi ya kobe waliopakiwa, na hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapaswa kusimama kidogo. Chanzo kinatuambia wangapi waliingia melini. Hakituambii kobe alipungua uzito kiasi gani, alikuwa na kiu gani, wala hali yake siku aliyotolewa. Kwa mwenye daftari hayo hayakuwa maswali. Hata meli ya Beagle, iliyomfikisha Charles Darwin Galapagos mwaka 1835, ilipakia kobe kwa ajili ya safari, wakaliwa njiani na magamba yakatupwa baharini.

Darwin huyohuyo, mwaka 1874 akiwa mzee, alitia sahihi pamoja na wataalamu wenzake barua kwa gavana wa Mauritius, wakiomba kobe wakubwa wa kisiwa cha Aldabra walindwe kabla hawajafuata wenzao wa Rodrigues. Aldabra ni kisiwa cha matumbawe kaskazini magharibi ya Madagaska, na leo ni sehemu ya nchi ya Shelisheli. Kobe wake walinusurika. Na ni kobe hao wa Aldabra walioifanya historia hii ifike kwa Waswahili.

Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alituma zawadi Zanzibar: kobe wanne wa Aldabra. Wakapelekwa Changuu, kisiwa kidogo kinachoonekana kutoka Mji Mkongwe, ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, baada ya Lloyd Mathews, waziri mkuu wa sultani, kukinunua kisiwa mwaka 1893. Lakini halikufungwa wafungwa. Majengo yakawa mahali pa karantini, pa kuwatenga abiria wa meli waliohofiwa kuleta homa ya manjano na magonjwa mengine. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo wanyama wageni walipokelewa katika kisiwa kilichokwisha kuwa cha kupokea watu wageni na kuwaweka kando mpaka waaminike. Kwa mtoto aliyepita kituo cha Nyakabande kule Kisoro, akilala kwenye hema refu akisubiri jina lake lisomwe, picha hiyo haihitaji maelezo.

Kobe wanne hao walikaa vipi? Tunaweza kujibu kwa hesabu moja tu, lakini ni hesabu nzuri: kufikia 1955 walikuwa karibu 200. Kobe asiyekula hatagi. Kwa hiyo walikula, wakapata joto, wakapata udongo laini wa kuchimbia mayai. Ukiitazama ramani utaelewa. Walitoka kisiwa cha mawe ya matumbawe chenye jua kali, vichaka na nyasi, wakaingia kisiwa cha mawe ya matumbawe chenye jua kali, vichaka na nyasi. Walibadilishiwa nchi bila kubadilishiwa dunia. Na kwa kuwa watu walikuwa wachache kisiwani, hakuna aliyewainua kila saa kumwonyesha mgeni.

Kilichowaharibia ni watu. Katika miaka iliyofuata kobe wa Changuu waliibwa, wengine wakaliwa, wengine wakauzwa ng'ambo wawe kipenzi cha nyumbani. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walikuwa 7. Mwaka huo waliletwa kobe wachanga 80 ili kuongeza idadi; 40 kati yao wakapotea. Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ikajenga uzio mkubwa. Kufikia mwaka 2000 kulikuwa na wazima 17, wadogo 50 na wachanga 90. Linganisheni wale wanne wa 1919 na wale themanini wa 1996. Wa kwanza hawakuhitaji ukuta. Wa pili waliletwa kwenye ardhi ileile, yenye nyasi zilezile, na nusu wakatoweka kabla hawajakua.

Wale waliouzwa ng'ambo waliingia katika biashara iliyokuwa kubwa tayari. Uingereza, kwa miaka mingi ya karne ya 20, iliingiza kobe wadogo kutoka Afrika ya Kaskazini na nchi za Bahari ya Mediterania, wakiwa wamerundikwa ndani ya vikapu na masanduku, wakauzwa madukani kwa watoto. Biashara ilisimama pale nchi za Ulaya zilipopiga marufuku uingizaji wa aina hizo mwaka 1984. Wengi wa kobe wale walionekana wazima dukani. Majira ya baridi yakifika walizikwa bustanini, na mtoto akaambiwa kobe wake amelala. Hoja ya mzee wetu wa viatu, "kobe hafi njaa", ilikuwa imepata lugha ya Kiingereza na bei.

Nilitafuta katika historia mtu mmoja aliyempokea kobe mmoja na kuandika kilichotokea siku ya kwanza. Nikampata mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Selborne, Uingereza. Gilbert White alirithi kobe kutoka kwa shangazi yake mwaka 1780. Alimchimbua Machi, kobe akiwa bado katika usingizi wa baridi, akampakia ndani ya sanduku lenye udongo na kumsafirisha maili 80 kwa gari la farasi. White anasema kobe alitoa sauti ya hasira, na kwamba mtikisiko wa safari ulimwamsha kabisa. Alipofunguliwa bustanini alitembea mpaka mwisho wa bustani mara mbili. Jioni, baridi ilipoingia, akajichimbia udongoni tena. White hakumchimbua. Alisubiri, akaendelea kumwangalia na kuandika mwaka hadi mwaka, na kobe huyo, aliyeitwa Timothy, aliishi kuliko White mwenyewe: mchungaji alikufa 1793, kobe 1794. Gamba lake limehifadhiwa London, na wataalamu waliolichunguza waligundua kwamba Timothy alikuwa jike. Miaka yote ile ya kumwangalia na mwenyeji wake hakulijua hilo.

Nilipofika hapo nilifunga simu na kutoka barazani. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kosa letu la kwanza. Kobe wetu hakuwa na mahali pa kujificha. Hakuwa na udongo. Alikuwa juu ya saruji, katikati ya miguu ya watoto, katika mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, ambapo usiku sisi wenyewe hujifunika mablanketi mawili. Mwili wa kobe hautengenezi joto lake. Akiwa baridi tumbo halifanyi kazi, na chakula kikiingia kinaweza kuozea ndani. Kukataa kwake kula usiku na asubuhi hakukuwa ukaidi. Alikuwa na akili kuliko sisi.

Siku ya kumi mpangaji mwenzetu alikuja na bomba la sindano lisilo na sindano na uji mwepesi. Alitaka tumfungue kobe mdomo kwa kijiko. Alikuwa na nia njema, na Maama alikwisha kukubali, kwa sababu mjukuu alikuwa ameanza kulia. Nilikataa, na nakiri sauti yangu ilipanda mbele ya mtu mzima, jambo ambalo niliomba radhi baadaye. Uji ukienda njia ya pumzi umemuua. Na hata usipoenda huko, umemfundisha kwamba mkono wa mtu ni wa kuogopwa. Maama akanitazama kwa muda. "Basi, mwanangu," akasema, "kobe akifa, utamweleza mtoto wewe."

Hapo naomba niingize jambo langu. Julai 2012, Bunagana ilipotekwa, tulivuka mpaka na mama na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Nyakabande, kisha lori likatufikisha Nakivale, sehemu ya Base Camp, katika makazi ambayo yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Tulipewa unga wa mahindi, maharage na mafuta. Nyumbani tulikuwa tumezoea bugali wa muhogo. Ule weupe wa posho, na harufu yake, ulinishinda. Siku nne nilikunywa maji na chai tu. Watu walimwambia mama anichape. Hakunichapa. Alibadilisha kikombe cha maharage na jirani wa kutoka Masisi, akapata unga wa muhogo kidogo, akauchanganya na ule wa mahindi, akaweka sahani karibu nami na kuondoka. Hakusimama kunitazama. Nilikula alipogeuka. Kila siku alipunguza muhogo, mpaka siku moja nilikuwa ninakula posho bila kujua.

Simaanishi kwamba kobe ni mtoto. Nasema tu kwamba nilipokuwa nakata nyasi nyuma ya nyumba, sikuwa nafuata kitabu.

Tulimhamisha kobe kwenye kona ya ua inayopata jua la asubuhi, karibu na migomba. Nikaweka sanduku la mbao lililopinduliwa, upande mmoja wazi, ndani nyasi kavu. Watoto wakaambiwa waangalie kwa mbali tu, na yeyote atakayemwinua hataruhusiwa kurudi. Kila asubuhi jua likishapanda nilimweka ndani ya beseni lenye maji ya vuguvugu, kina kisichopita kidevu chake, robo saa. Siku ya kwanza ya beseni alikunywa. Aliingiza kichwa chote majini na koo lake likawa linapanda na kushuka, kwa muda mrefu hata nikaona aibu. Siku kumi na moja sote tulikuwa tumehangaika na sahani, na hakuna aliyefikiria kiu.

Mkate na wali tukaviondoa. Kobe wa aina yake, wenye madoa ya manjano na meusi kama chui, ni walaji wa nyasi na majani magumu ya mbugani. Nyanya na ndizi vinaweza kumharibia tumbo. Nikaleta nyasi za aina mbalimbali kutoka kando ya njia, mbali na mahali panapopigwa dawa, majani ya dodo, na maua mekundu ya uani, kwa sababu nilisoma kwamba kobe wengi huvutiwa na rangi nyekundu na ya manjano. Niliyasambaza chini, si kwenye sahani. Muuza maharagwe alituazima mizani yake: kilo 3 na gramu 400. Baada ya siku sita, kilo 3 na gramu 350. Nilikuwa nimelala vibaya usiku ule. Hata hivyo nilikuwa na namba ambazo hakuna nahodha aliyewahi kuandika.

Kisa kingine kilichonipa moyo kinajulikana na wengi wenu. Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepoteza mama yake aliokolewa karibu na Malindi na kupelekwa Haller Park, Mombasa, bustani iliyooteshwa ndani ya machimbo ya zamani ya saruji. Waliomtunza, akiwemo mtaalamu Paula Kahumbu, walishangaa kumwona akimkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee. Mwanzoni Mzee alimkwepa. Baadaye wakawa wanalala pamoja, na kiboko, ambaye hakuwa anagusa majani aliyowekewa, alianza kula pale alipomwona kobe anakula. Dunia ilikipenda kisa hicho kama kisa cha urafiki. Mimi nakisoma zaidi kama kumbukumbu ya namna mgeni anavyoanza kula: mwenyeji yupo, anakula taratibu, wala hamtazami.

Kwa hiyo siku ya kumi na saba nilikaa kwenye kigoda, hatua kumi kutoka kwenye sanduku, nimempa kobe mgongo, ninakula muhogo wa kuchoma na kusoma. Saa tano hivi nilisikia sauti ndogo ya kukatika, kama mtu anachana karatasi. Sikugeuka. Ikaja tena. Nilipogeuka, ua moja jekundu lilikuwa limebaki kikonyo, na alikuwa anauma nyasi, akizivuta kwa mguu wa mbele.

Wiki moja baadaye mizani ilisoma kilo 3 na gramu 500. Hapo ikabidi nimweleze Maama jambo ambalo nilikuwa nimelisoma siku za mwanzo nikaliweka moyoni. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na kobe ni mnyama wa porini, hata kama amenunuliwa kwa soda. Maama alinyamaza. Kisha akasema alijua tangu mwanzo kwamba kitu kilichofika ndani ya gunia hakikuja kukaa. Tukapiga simu kwa watu wa wanyamapori.

Aliyekuja alikuwa kijana, hana haraka. Alimgeuza kobe kidogo, akatazama macho na pua, akamrudisha chini. Swali lake la kwanza lilikuwa kama anakula, na la pili anakula nini. Nikamwambia nyasi, dodo na maua mekundu. Akaandika. Mjukuu wa Maama alikuwa amekwisha kufunga nyasi kwa kamba ya mgomba, kifurushi kikubwa kuliko kobe mwenyewe, na akasisitiza kwamba kiwekwe ndani ya sanduku, upande wa kichwa.